Nahodha akisema leo hakwendeki, alipwe siku yake

Mwezi wa Julai, maji ya Kendwa hutulia kiasi cha mtoto mdogo kuchezea ukingoni bila mama yake kuinua macho. Mgeni aliyefika hotelini jana usiku hutoka nje saa mbili asubuhi, akayaona maji ya kijani yasiyo na hata povu, akauliza boti ya kisiwa cha Mnemba inaondoka saa ngapi. Hajui kwamba amesimama upande wa kivuli. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, na Unguja nzima imelala mbele yake ikimkinga. Upepo anaousikia ukitikisa minazi juu ya kichwa chake ndio huohuo unaoipiga bahari upande wa pili. Huku kwake haujapata nafasi ya kuinua wimbi.

Wimbi linataka masafa. Upande wa mashariki wa Unguja masafa ni Bahari ya Hindi yote, isiyo na kisiwa wala mwamba wa kuvunja nguvu ya upepo kwa mamia ya kilomita.

"Leo hakwendeki, mdogo wangu," nahodha humwambia papasi aliyemletea wageni.

"Kaka, washalipa hotelini. Na mwenzako wa boti ile pale anakwenda."

Mazungumzo ya namna hii husikika kwenye madiko ya pwani kila msimu wa kusi, na mara nyingi humalizika kwa nahodha kunyamaza na kwenda kuvuta nanga. Usalama wa bahari unapozungumzwa, hutajwa majaketi okozi, idadi ya abiria, leseni na ukaguzi. Yote hayo ni ya lazima. Lakini kuna kifaa kimoja kinachookoa kabla ya vyote, nacho ni neno "hapana" kinywani mwa nahodha. Ajabu ni kwamba anapolitumia, gharama yake yote hutoka mfukoni mwake peke yake. Mwenye hoteli atawapangia wageni siku nyingine. Papasi atawatafutia boti nyingine. Nahodha na mabaharia wake wawili watarudi nyumbani mikono mitupu.

Anachokikataa si safari ndefu. Kutoka Nungwi, jirani na Kendwa, hadi Mnemba ni kilomita kama 15, na boti ya faiba yenye mashine mbili za kupachika huzimaliza bila taabu bahari ikiwa shwari. Siku ya kusi kali hesabu hiyo huvunjika mara tu omo inapotoka kwenye kinga ya Ras Nungwi, kwa sababu njia ya Mnemba inaelekea kusini-mashariki, uso kwa uso na upepo. Boti hupanda wimbi, hubaki hewani kitambo kidogo, kisha hudondoka tumbo zima kwenye bonde la maji. Pigo lake hupita kwenye ubao wa kukalia likaingia kwenye uti wa mgongo wa abiria. Walioketi mbele ndio huumia zaidi, na nahodha mjuzi huwa ameshawarudisha nyuma kabla ya kuondoka, hata wakinung'unika kwamba huko hawataona vizuri.

Mkono wake hautoki kwenye mashine. Huongeza moto kupanda wimbi, hupunguza anapofika kileleni ili pangaboi lisitoke nje ya maji, hushuka taratibu, huongeza tena. Haangalii wimbi lililo mbele yake, hilo ameshalimaliza. Anaangalia la tatu na la nne, akitafuta pale ambapo bahari imelala kidogo ili apenye. Maji ya chumvi yanampiga usoni kila nusu dakika na hana mkono wa kujifutia macho. Baharia aliye nyuma anafua maji ya ngama kwa dumu lililokatwa, hasemi neno. Abiria mmoja ameshaanza kutapika. Hadi hapo hakuna lililoharibika: hiyo ndiyo safari yenyewe inavyokwenda, siku ya kawaida ya kusi.

Mabaharia wengi watasema kwamba kwenda si shida kama kurudi. Mchana, wageni wameshaogelea upande wa Mnemba uliokingwa na miamba, wamekula matunda, jua limewaka, na boti inageuka kuelekea Nungwi upepo ukiwa nyuma. Ghafla hakuna mapigo. Watu wanacheka, wanatoa simu, wanaona hatari imepita. Hapo ndipo nahodha hukaza meno. Wimbi linalotoka nyuma huinua tezi na kuisukuma boti kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki. Omo ikichoma maji ya mbele, tezi hutaka kuipita. Boti hugeuka ubavu, na wimbi linalofuata huikuta imelala vibaya. Tangu boti iteleze hadi watu wawe majini ni muda mfupi kuliko wa kufunga mikanda ya jaketi okozi, ndiyo maana jaketi lililowekwa chini ya benchi halina tofauti na jaketi lililobaki nyumbani.

Kuna na la mashine. Uchafu na maji kidogo vilivyokaa chini ya tangi la petroli miezi yote ya bahari shwari havimsumbui mtu. Boti ikirukarushwa kwa saa nzima, vyote huchanganyika na mafuta na kwenda kuziba chujio. Kwa hiyo mashine huzima siku ile ile, na mahali pale pale, ambapo kuzima kwake kunaua. Nahodha anayejua hili hubeba chujio la akiba, na hugawa mafuta yake mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la lisilotarajiwa. Anayelipwa kwa safari, mafuta yakiwa yamenunuliwa kwa fedha ya mkopo wa asubuhi, hushawishika kulipunguza fungu la tatu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa kwa ngazi ambazo watu wa pwani wamezizoea: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Katika miezi ya kusi, angalizo husikika mara kwa mara: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa mtu wa bara, mita 2 ni urefu wa mlango, tena mlango mfupi. Kwa mtu aliye kwenye boti ambayo ukingo wake uko chini ya mita moja juu ya maji, ni habari nyingine. Upepo wa kilomita 40 kwa saa umeshaingia daraja la 6 katika kipimo cha Beaufort, daraja ambalo vilele vyeupe vya mawimbi vimetapakaa kila upande.

Hata hiyo mita 2 inataka kusomwa kwa makini. Katika utabiri wa bahari duniani, kimo cha mawimbi kinachotajwa kwa kawaida si cha wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Yapo mengi madogo kuliko hayo, na lipo moja, mara chache ndani ya saa kadhaa, linalokaribia mara mbili ya kimo kilichotangazwa. Na nguvu ya wimbi haiongezeki sawasawa na kimo chake: kimo kikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Nahodha aliyepita salama kwenye mawimbi mia tano ya mita 2 bado hajakutana na lile analolihofia.

Juu ya hapo kuna maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji Unguja hukaribia mita 4, na nusu ya maji yote hayo hupita katika saa ya tatu na ya nne, si mwanzo wala mwisho. Pale mkondo unapokutana na upepo ana kwa ana, wimbi huwa fupi na kusimama wima kama ukuta, hata kama upepo haukuzidi. Mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbilia kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huenda pamoja na upepo, wakati wa kaskazi hugombana nao. Ndiyo maana kaskazi, ambayo wageni huambiwa ni msimu mwema, nayo huwa na siku zake mbaya pale Nungwi. Mambo haya hayamo kwenye tangazo la redio, na hayawezi kuwamo. Yamo kichwani mwa mtu aliyezaliwa pale.

Kwa nini basi mtu mwenye elimu hiyo yote hukubali kuvuta nanga?

Jibu linaanzia kwenye jahazi. Watu wa pwani walihesabu mwaka wa jua tangu Nairuzi, siku yake ya kwanza, kwa miongo, siku kumikumi, wakajua mwongo upi ni wa kusafiri na upi ni wa kukaa. Nahodha mkuu wa Waarabu, Ahmad ibn Majid, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, alieleza misimu ya Bahari ya Hindi pamoja na kipindi ambacho bahari hufungwa. Katika kilele cha kusi vyombo vilipandishwa pwani, vikakalafatiwa, vikapakwa sifa na shahamu, matanga yakashonwa. Hakuna aliyeitwa mwoga. Kipato cha baharia kilikuwa fungu la safari au la msimu mzima, kwa hiyo siku moja bandarini haikuwa siku ya njaa. Tena tanga lenyewe lilikataa: jahazi haliwezi kupambana na kusi kali uso kwa uso, litake lisitake.

Mashine ilibadili vyote viwili. Ilimpa nahodha uwezo wa kwenda upande ambao upepo unamkataza, na ikaufanya ujira wake uwe wa siku. Kukataa, ambako zamani kulifanywa na upepo, sasa kumewekwa mabegani mwa mtu mmoja mwenye watoto wa kulisha, huku papasi akimwonyesha boti ile pale.

Bahari ya kusi imeshaonyesha inachoweza kufanya hata kwa vyombo vikubwa kuliko vya watalii. Adhuhuri ya tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikiwa na watu wapatao 290. Adhuhuri katika mwezi huo ndiyo saa ambayo upepo huanza kukaza. Karibu na kisiwa cha Chumbe, nchi kavu ikionekana, mawimbi yaliizidi boti ikapinduka. Watu zaidi ya mia moja walifariki au hawakuonekana tena. Chombo hicho kilijengwa Marekani mwaka 1989, kikafanya kazi kwa takriban miaka 20 katika Puget Sound, jimbo la Washington, maji ya ndani yaliyozungukwa na nchi kavu, kabla ya kuuzwa na kuletwa huku mwaka 2011. Chini ya mwaka mmoja kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilikuwa imezama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejazwa watu kupita kiasi. Zaidi ya 200 walipoteza maisha. Ile ya Nungwi ilizamishwa na shehena ya watu. Ile ya Chumbe ilikuwa chombo cha maji yaliyokingwa kilichokutana na bahari isiyo na kinga. Baada ya ajali ya Chumbe, waziri wa Zanzibar aliyehusika na usafiri alijiuzulu, na masharti kwa vyombo vya abiria yakakazwa. Boti ndogo za siku moja, zinazoondoka ufukweni bila gati wala tiketi, hazikuguswa sana na kelele zile.

Kwamba bahari inaweza kufungwa na ikafungika, Mei 2024 ilithibitisha. Kimbunga Hidaya kilipokaribia, TMA ilitangaza siku kadhaa kabla, na kabla hakijafika Mafia tarehe 4 Mei, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimama. Kenya nayo iliwataka watu wa pwani wakae mbali na bahari. Watu walinung'unika, wakasubiri, wakasafiri baadaye. Ni rahisi kusema watu walitii kwa sababu kimbunga kinatisha, na kweli kinatisha: Zanzibar haijasahau tufani ya Aprili 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Lakini kuna sababu ya pili inayosahaulika. Wakati wa Hidaya walisimama wote. Hakukuwa na "boti ile pale". Hakuna nahodha aliyempoteza abiria kwa jirani yake, na kwa hiyo hakuna aliyeonekana mjinga kwa kukaa.

Kusi ya kawaida haina jina la kimbunga na haipewi ukurasa wa mbele wa gazeti. Huja kila mwaka, na kila nahodha huachiwa apambane nayo peke yake mbele ya wageni waliokwishalipa.

Upande mwingine wa bahari hiihii, Thailand, gharama ya kumwachia mtu mmoja uamuzi huo ilionekana tarehe 5 Julai 2018. Boti ya watalii iitwayo Phoenix ilikuwa ikirudi Phuket kutoka kisiwa cha Koh Racha baada ya siku ya kuogelea. Onyo la hali mbaya ya hewa lilikuwa limetolewa. Mawimbi yaliyofikia mita 5 yaliipindua, na watalii 47 kutoka China wakafa. Ilikuwa katika safari ya kurudi, jioni, wakati wa pepo za msimu, wageni wakiwa wameshalipa. Mtu wa Nungwi akisoma habari ile hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo pendekezo ni hili, na si la kusubiri sheria mpya. Kila diko lenye boti za watalii liwe na bendera. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bwana diko na manahodha watatu wazee waangalie bahari, wasome taarifa ya TMA, wahesabu bamvua, kisha waamue: njia ya nje iko wazi au imefungwa. Bendera nyekundu ikipanda, boti zote zinakaa, ya tajiri na ya maskini. Atakayetoka anyimwe wageni wiki nzima na hoteli zote za eneo hilo. Hoteli zinaweza kuukubali mpango huu kwa sababu jina la ufukwe likichafuka, vyumba vyao ndivyo vitakavyokaa vitupu.

Na siku ya bendera ilipwe. Chukua mfano wa boti inayobeba wageni 10. Kila mgeni akichangia shilingi 2,000 juu ya nauli yake, safari moja inaweka akiba ya shilingi 20,000. Safari 200 kwa mwaka ni shilingi milioni 4. Bahari ikifungwa siku 40, boti hiyo ina shilingi 100,000 kwa kila siku ya kukaa, za nahodha na mabaharia wake wawili. Mgeni aliyesafiri kutoka Ulaya hadi Zanzibar hatasikia uchungu wa shilingi 2,000. Nahodha aliyesema "leo hakwendeki" atasikia tofauti kubwa saa ya kununua unga.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Angalizo la TMA hutolewa kwa ukanda mpana na kwa siku kadhaa, wakati siku mojawapo bahari ya mahali fulani inaweza kuwa nzuri. Ukifunga kila angalizo, msimu mzima umekwisha. Ni kweli. Ndiyo sababu uamuzi usitoke Dar es Salaam peke yake, utoke ufukweni kwa watu wanaoijua Ras Nungwi kwa jina la kila mwamba. Wengine watasema fedha za mfuko zitaliwa. Hofu hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa mifuko ya namna hii imeshaliwa huko nyuma. Basi daftari lisomwe hadharani dikoni kila mwezi, na fedha zikae mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuzitoa. Kuna na wanaosema mgeni akikosa Mnemba atakasirika. Wapo watakaokasirika. Wengine wakielezwa upepo unavyozunguka ras, wakapelekwa mahali ambapo mafundi wa Nungwi wanachonga mataruma ya jahazi kwa shoka na tezo, au wakaogelea upande wa Kendwa uliokingwa, watarudi kwao na hadithi nzuri kuliko ya kutapikiana kwenye boti.

Siku ya bendera nyekundu nahodha naye ana kazi. Tangi la petroli lifunguliwe, uchafu wa chini umwagwe. Chujio libadilishwe. Mashine zisukutuliwe kwa maji baridi chumvi itoke. Kamba ya kuzimia mashine, ile ambayo wengi huiacha ikining'inia badala ya kujifunga mkononi, ikaguliwe kama haijaoza. Majaketi okozi yaanikwe, mikanda yake ivutwe mmoja mmoja. Saa tatu papasi atateremka na wageni wanne, ataiona bendera juu ya mlingoti, atageuza shingo kuitafuta boti ile pale, na ataikuta imefungwa kwenye nanga yake, mwenye nayo ameketi kwenye ubao wa nyuma, mikono imejaa mafuta, akiipangusa mashine.